Kiu Niliyoipata Ruhembe

Nina vidole tisa vya miguu. Naanza na hilo ili msomaji asisome kwa wasiwasi: mguu haukukatwa, niko hai, na leo asubuhi nimepalilia mistari minne ya mbaazi kabla ya kuketi kuandika.

Naandika kwa ajili ya watu wawili nisiowajua. Wa kwanza ni yule aliyeambiwa juzi kwamba ana ugonjwa wa sukari, naye amerudi nyumbani akiwa ameshika karatasi ya vidonge na hajui amwambie nini mkewe. Wa pili ni yule mwenye miaka thelathini ambaye haumwi chochote. Huyu wa pili ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu najua hatasoma mpaka mwisho. Mimi nisingesoma.

Nilizaliwa Munisagara, milimani juu ya reli, katika nyumba ya watu wa kanisani. Nilisoma shule ya misheni, nikajua kuandika vizuri, na kwa sababu ya mwandiko huo nilipata kazi Ruhembe kwenye mashamba ya miwa, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa karani wa mahudhurio. Asubuhi niliandika majina ya wakataji, mchana nilipita kuona nani amemaliza kipande chake, jioni niliandika yaliyobaki. Mwanzoni nilizunguka kwa miguu. Baadaye nilipewa baiskeli, na baada ya hapo nikawa napanda trekta. Mwaka wa nane nilipewa meza, kiti, na kibanda chenye kivuli, na wakataji wakawa wanakuja kwangu badala ya mimi kwenda kwao.

Nilinenepa. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo baya. Nilipokwenda likizo Munisagara shangazi zangu walinishika mashavu wakasema nimenawiri, na wakamsifu Debora, mke wangu, kwa kunitunza. Nilikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, asubuhi, saa nne na jioni. Debora alikaanga maandazi. Nikiwa na miaka arobaini nilikuwa siwezi kufunga kamba za viatu bila kukaa chini na kupumzika katikati ya kiatu cha kwanza na cha pili.

Kabla sijaendelea ni lazima nieleze desturi moja ya wakataji, kwa sababu bila hiyo mambo mengine hayataeleweka. Ukipita kwenye kipande cha mtu, yeye husimama, huchagua muwa mzuri, hukata pingili mbili au tatu za katikati, huzimenya kwa panga, na kukushikisha mkononi. Unatafuna hapo hapo huku mnazungumza. Ukifanya hivyo mmekuwa ndugu. Ukikataa, au ukisema utatafuna baadaye, umejifanya bwana mkubwa, na habari hiyo itafika mwisho wa shamba kabla yako. Karani anayekataa muwa hupata taabu: watu hawamwitikii majina yao yakisomwa. Nami sikutaka taabu. Hata baada ya kupewa meza, kila aliyekuja kwangu na shida alikuja na muwa.

Kiu ilinianza msimu mmoja wa kukata, katika miezi ile ya jua kali kabla ya mvua za vuli. Nilikunywa mtungi wa maji ukaisha, na midomo ikabaki mikavu kama niliyelamba majivu. Kila nusu saa nilikwenda nyuma ya kibanda. Nyapara wetu, Shabani, mtu wa Tindiga mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alianza kuhesabu safari zangu kwa sauti.

"Ndugu karani, hiyo ni ya saba. Unachimba bwawa huko?"

"Joto, Shabani."

"Joto letu sote. Mbona sisi tunatoa jasho, wewe unatoa mto?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikaanza kukonda. Suruali zilizonibana zikawa zinashuka, nikatoboa mkanda matundu mapya matatu. Kicheko kikapungua. Baadhi ya wakataji walianza kunong'ona kwamba kuna mtu anaitaka meza yangu na ameniendea kwa mganga wa huko kwao. Debora, ambaye hakupenda habari za waganga, ndiye aliyeona jambo la maana. Aliniita nyuma ya nyumba, pale ninapojisaidia haja ndogo asubuhi, akanionyesha kwa kidole. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye shina la mpapai mpaka pale mahali, kama wanaokwenda kwenye karamu.

"Kuna kitu kitamu kinachotoka mwilini mwako," alisema. "Kesho nenda Mikumi."

Kwenye zahanati ya Mikumi nilikaa kwenye benchi kuanzia saa moja mpaka saa sita. Mkononi nilikuwa na kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho, na ndani yake mkojo wangu. Nilijaribu kukificha kiganjani mpaka nikaona kwamba karibu kila mtu kwenye benchi lile ameficha kitu kiganjani. Mganga wa zahanati alimimina maji ya buluu kwenye kichupa chembamba cha kioo, akadondosha matone ya mkojo wangu, akakipasha juu ya taa ya spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa rangi ya chungwa, na mwisho kukawa na matope ya rangi ya tofali lililochomwa. Alikiinua dirishani ili nione.

"Hii ni sukari," alisema. "Kuanzia leo, usiguse sukari."

Alinipa vidonge na kuniambia nirudi kila mwezi. Nilimshukuru na nilikusudia kumtii. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikiambiwa jambo nalifanya. Nilipofika nyumbani nilikusanya sukari yote, nikaigawa kwa majirani. Nilikataza maandazi. Debora alisema kama mimi sinywi chai tamu basi naye hanywi, na watoto wetu wanne wakajikuta wanakunywa chai chungu kwa kosa lisilo lao. Waliniangalia kama niliyeuza nyumba.

Mwezi uliofuata, tofali. Mwezi wa pili, tofali. Mwezi wa tatu yule mganga aliweka kichupa chini.

"Ndugu, unaniambia ukweli?"

"Haki ya Mungu, sijaonja sukari hata punje."

"Kichupa kinasema umeonja."

Nilirudi nimekasirika. Sikuzoea kuitwa mwongo; kazi yangu yote ilikuwa kuandika yaliyo kweli. Na kwa kuwa nilijua mimi sidanganyi, nilianza kumtafuta anayedanganya, nikampata jikoni kwangu mwenyewe. Naliandika hili kwa aibu. Nilimwambia Debora kwamba anatia sukari kwenye uji kwa siri kwa sababu watoto wanalia. Alikana. Nikaonja uji mbele yake kijiko kwa kijiko, kama mkaguzi, na hata nilipokosa ladha ya utamu sikusema samahani. Toka siku hiyo alinipakulia chakula bila kusema neno. Tuliishi hivyo vuli iliyobaki na kiangazi kifupi kilichofuata. Kiu haikupungua, nami niliishusha kwa njia niliyokuwa nayo. Maji yalikuwa mbali na kibanda, lakini miwa ilikuwa kila upande, mibichi, ya baridi, imejaa maji.

Miguu ilianza kufa ganzi. Nilihisi kama nimevaa soksi nene hata nikiwa pekupeku. Asubuhi moja Debora alivunja ukimya wake.

"Baba Rehema, umekanyaga nini?"

Nilitazama nyuma. Kulikuwa na alama za damu sakafuni kutoka kitandani mpaka mlangoni, hatua kwa hatua, za mguu wa kushoto tu. Kisiki cha muwa kilikuwa kimetoboa kandambili na kuingia chini ya kidole kidogo, pengine jana yake, pengine juzi. Sikuwa nimesikia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwa siku nane tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, nacho kikanuka. Kidole kikawa cheusi, kisha weusi ukaanza kusogea kuelekea unyayoni.

Baba yangu aliletewa habari na mtu wa reli akaja. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Yeye mwenyewe husema tu kwamba wakati wa vita ya Wajerumani alikuwa anachunga mbuzi. Alitazama mguu, akanusa, akasema, "Inuka twende." Debora alibaki na watoto. Tulipanda treni inayotoka Kidatu, tukapita Mikumi ambako pundamilia walikuwa wamesimama karibu na reli wakitutazama, na jioni tukashuka Kilosa. Kutoka stesheni baba alibeba mzigo wangu kichwani na mkono wangu begani kwake.

Asubuhi kwenye hospitali ya wilaya benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi kijana alipita, akatuona, akamshika baba mkono kwa upole.

"Shikamoo, babu. Kaa hapa. Ni mguu gani unaokuuma?"

"Marahaba. Mimi sina mguu unaoniuma. Mgonjwa ni huyu kijana wangu."

Benchi zima liligeuka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitazama, akamtazama baba, akashindwa kujizuia. "Huyu ndiye kijana?"

"Ndiyo. Ameharibikia mjini."

"Ruhembe si mji, baba," nilisema.

"Kuna umeme?"

"Kiwandani upo."

"Basi ni mji."

Walicheka wote, nami nilicheka, lakini nilijiona kama walivyoniona: mtu wa miaka arobaini na mitatu anayeegemea mzee wa zaidi ya sabini. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyempisha mama mwenye mtoto akakaa, akasimama mpaka saa tano.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua kalamu ya wino akachora mstari kuuzunguka ule weusi, karibu na shina la kidole. "Nitakupa sindano ya kushusha sukari asubuhi na jioni, na dawa ya kidonda," alisema. "Nasubiri siku kumi. Weusi ukikaa ndani ya mstari, tutaondoa kidole. Ukiuvuka, tutakata chini ya goti."

Baba alikohoa. "Na mkiukata, mtatupa tukauzike?"

"Mzee, hatujafika huko."

"Nauliza mapema. Kwetu hatuachi vitu."

Toka saa ile, kila nilipoamka nilitazama mstari kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Siku ya kwanza weusi ulikuwa mbali nao kwa upana wa kidole. Siku ya pili, nusu ya kidole. Siku ya tatu ulikuwa karibu kuugusa. Na kichupa cha mkojo cha asubuhi, pamoja na sindano zote, kilikuwa bado rangi ya chungwa. Daktari aliongeza dawa. Sista wa wodi, mama mtu mzima wa huko milimani kwetu, aliuliza wahudumu wa jikoni kama kuna aliyenipa kitu. Hakuna.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, na wakati wa kuona wagonjwa Shabani aliingia. Alikuwa amesafiri kutoka Ruhembe na furushi limefungwa kwa majani ya migomba. Aliwasalimu wagonjwa wote, akamwamkia baba, akafungua furushi kitandani kwangu. Ilikuwa miwa, imemenywa, imekatwa pingili pingili sawasawa. Hilo lilikuwa furushi la pili. La kwanza nilikuja nalo mwenyewe na lilikuwa chini ya kitanda, limebaki robo.

"Wakataji wote wamechanga," alisema. "Kila mtu pingili moja. Wamesema ukatafune upone."

Nililengwalengwa na machozi, nikachukua moja, nikatafuna. Sista alitokea mlangoni.

"Danieli, unatafuna nini?"

"Muwa, sista."

"Nani aliyekuruhusu?"

"Hakuna aliyenikataza. Mimi nimekatazwa sukari, na sukari nimeiacha karibu nusu mwaka sasa."

Alisogea taratibu mpaka kando ya kitanda. "Unafanya kazi gani?"

"Karani, sista. Mashamba ya miwa."

"Na hiyo miwa mkishaikata inakwenda wapi?"

"Kiwandani."

"Huko kiwandani inatoka nini?"

Nilifungua mdomo. Makapi ya muwa yalikuwa bado ulimini. Nilikuwa nimeandika majina ya watu wanaokata miwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kila siku nilinusa moshi wa kiwanda.

"Sukari," nilisema.

Wodi ililipuka. Jamaa wa kitanda cha pili aliyevunjika mbavu alikuwa anaomba watu wamwonee huruma, kicheko kinamuua. Shabani alitazama furushi lake kama lililogeuka nyoka. "Lakini, sista," alisema kwa sauti ndogo, "muwa si una maji tu?" Baba alitikisa kichwa akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Na huyu ndiye niliyempeleka shule."

Sista hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaniuliza natafuna kiasi gani kwa siku. Nilimhesabia kama karani: asubuhi sita, kwenye kibanda kumi, siku ya joto kali ishirini na zaidi. Nilimweleza kuhusu kiu na umbali wa maji. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "sukari ilikupa kiu, nawe ukaenda kuituliza kwa sukari. Na hukumdanganya mtu."

"Sikumdanganya."

"Najua."

Sijui kama amewahi kujua jinsi maneno hayo mawili yalivyonisaidia. Alilibeba furushi, na lile la chini ya kitanda, akaondoka nayo.

Debora alikuja Jumanne. Nilimsubiri akae, kisha nikamwambia yote, mbele ya baba na mbele ya jamaa mwenye mbavu aliyejifanya amelala. Nikamwomba msamaha wa ule uji. Aliukunja upindo wa khanga yake.

"Kwa hiyo miezi yote hii mimi na watoto tumekunywa chai chungu," alisema, "na wewe uko shambani unatafuna?"

"Sikujua, Mama Rehema."

"Hukujua." Alianza kucheka huku analia, akanipiga begani, si kwa upole. "Mtu anayejua kuandika!" Kisha alitoa limau na maji ya kuchemsha, akanimiminia. Alikuwa hajanimiminia kitu kwa mkono wake huku akizungumza toka vuli.

Weusi uligusa wino siku ya tano na ukasimama hapo. Siku ya sita kichupa kilikuwa njano. Siku ya nane, kijani. Wino ulikuwa unafutika, nikaogopa kwamba sitajua mpaka uko wapi, sista akauchora tena juu ya ule ule. Siku ya tisa kichupa kilibaki buluu. Sista alikiinua dirishani akakizungushia wodi nzima, na watu ambao hawakujua maana yake walipiga makofi. Siku ya kumi daktari alikata kidole kimoja. Nilipozinduka nilinyoosha mkono chini ya shuka, nikapapasa goti, nikapapasa muundi, nikapapasa kifundo, nikapapasa kisigino. Vyote vilikuwepo. Nimeshawahi kufurahi maishani, nilioa na nikapata watoto, lakini sijawahi kufurahia kitu kama nilivyokifurahia kile kisigino.

Masika yote nilikaa Munisagara kwa baba ili kidonda kikauke. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Baba alikuwa ameshushwa kutoka mlimani na kupewa kiwanja karibu na stesheni, pamoja na wenzake, nyumba zimepangwa mstari. Alikubali nyumba, akakataa shamba jipya. Alisema udongo wake ni wa kufinyangia vyungu. Basi kila alfajiri alipanda kurudi kwenye maharage na migomba yake ya zamani, na mchana akateremka.

Sikuwa na la kufanya ila kuketi, mguu juu ya kigoda, nikafanya nilichozoea. Nilichukua daftari nikaandika mahudhurio ya baba. Nilimwuliza kwanza siri ya afya yake, akanijibu bila kusita: ugoro, na kutooga maji ya moto. Niliandika. Kisha nikaandika nilichokiona. Saa kumi na moja na nusu, anaondoka. Saa saba, anarudi, mzigo kichwani. Ugali wa mtama, bakuli la mlenda au majani ya maboga, maharage. Nyama siku ya sikukuu. Tunda kama lipo. Chai akipewa anakunywa nusu. Anakaa na wenzake anacheka sana. Analala mapema kuliko kuku. Baada ya wiki nne sikuona siku iliyotofautiana na nyingine, isipokuwa Jumapili, ambapo badala ya kupanda mlima alikwenda kanisani kwa miguu, mbali zaidi.

Nilimsomea daftari. Alisikiliza kwa mashaka.

"Hujaandika ugoro."

"Nimeuandika mwanzo kabisa, baba."

"Basi hayo mengine ni kazi tu. Kazi siyo dawa."

Nilibishana naye siku mbili, nikaacha. Yeye hakuwahi kuchagua lolote kati ya hayo. Hakuwa na kiti, wala trekta, wala vijiko vinne, maisha yalimpangia. Mimi nilipopata kiti nilidhani nimefika. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtu akishapata kiti, inambidi aamue mwenyewe kuinuka, kila siku, angali na miguu yote miwili na haoni sababu. Mambo hayo ya baba niliyaanza nikiwa na miaka arobaini na mitatu, kidole kimoja kimeshakwenda na ganzi haijaondoka mpaka leo. Yanasaidia hata ukianza umechelewa. Kichupa changu sasa ni buluu miezi mingi. Lakini kama ningeyaanza siku niliyopewa ile baiskeli, nikaiegesha na kutembea, huenda nisingekuwa na cha kuandika.

Nilirudi Ruhembe mvua zilipokwisha. Nilikuwa na hofu moja, nayo ilikuwa ile miwa. Shabani aliimaliza hofu hiyo asubuhi ya kwanza. Alisimama mbele ya wakataji wote kabla sijasoma jina hata moja.

"Sikilizeni! Karani amerudi. Ukimpa muwa unamkata mguu. Anayetaka kumheshimu ampe maji." Akanigeukia. "Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri."

"Na hicho kiti chako nimekipa kuku atagie."

Kweli kulikuwa na kuku. Toka hapo nilizunguka vipande kwa miguu, na kila mkataji alinipa kata ya maji. Nyumbani Debora alikataa wazo la vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha wazima. Alisema hatapika mara mbili kwa ajili ya mtu asiyejua muwa ni nini. Tukala chungu kimoja, wote, chakula kile kile cha Munisagara. Watoto wakubwa walinung'unika karibu mwaka. Ilipofika miaka ya karibuni ambapo sukari imekuwa adimu madukani na watu wanaipangia foleni, nyumba yetu ilichelewa kupata habari.

Baada ya ugonjwa tulipata mtoto wa mwisho, Neema. Ana miaka sita. Idi iliyopita Shabani alitualika. Mkewe alikuwa amehifadhi sukari miezi miwili kwa ajili ya siku hiyo, na alimwekea Neema chai kwa heshima zote, katika kikombe chenye maua. Neema alikunywa, akasimama, akanivuta sikio.

"Baba," alisema kwa mnong'ono uliosikika mpaka uani, "chai yao imeharibika."

Nilitamani ardhi inimeze. Mke wa Shabani alishika kiuno. Shabani mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho kwa kanzu, kisha akakichukua kile kikombe. Alikinusa kama anayetafuta kilichoharibika.

"Danieli," alisema, "ile zahanati ya Mikumi hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa moja. Lakini nenda mapema, benchi hujaa."

"Mimi sina kiu, eti. Nataka tu kuona hizo rangi."

"Nitakupitia Jumatatu," nilisema. "Tutakwenda wote."

Mkewe alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kichupa.